Kadi ya safari "isiyo na makato": nimekatwa huku naangalia

Nianze na kilichonichefua, mengine yatafuata yenyewe. Dole gumba. Mhudumu wa mapokezi wa hoteli niliyofikia ugenini alinisogezea mashine ya kadi, nikachomeka, nikabonyeza namba ya siri, na kabla sijainua kichwa akaivutia kwake na kubofya kitu kwa dole gumba. Karatasi ikatoka. Muda wote huo alikuwa anapiga soga na mwenzake, hata sentensi hakuikatisha. Nikaisoma risiti palepale kwa sababu tarakimu za chini hazikufanana na za bili. Bili ilikuwa kwa fedha ya nchi ile. Nilichotozwa kilikuwa kwa fedha ya nyumbani, imeshabadilishwa tayari, kwa kiwango walichojipangia wenyewe.

Kwa wasioujua mchezo huu: ukilipa kwa kadi ugenini, mashine hutambua kwamba kadi yako imetoka nchi nyingine, kisha inauliza swali moja tu, unalipa kwa fedha ya hapo au ya kwenu? Ukichagua ya hapo, kazi ya kubadilisha inafanywa na mtandao wa kadi, Visa au Mastercard, na benki yako. Ukichagua ya kwenu, inafanywa na kampuni iliyo nyuma ya ile mashine, nayo inaongeza chake juu ya kiwango, na mwenye duka au hoteli anapata mgao wake humo humo. Sasa mnaelewa dole gumba lilikuwa na haraka ya nini.

Mtasema, mbona unaitathmini kadi wakati mwenye kosa ni hoteli? Ngoja.

Kadi hii niliichukua kwa ahadi moja: ukiitumia nje ya nchi, hakuna makato ya fedha za kigeni. Kadi nyingi za kawaida hukata asilimia 1 hadi 3 ya kila muamala wa nje, na safari ikiwa ndefu hizo asilimia zinakutafuna kimyakimya. Hii haikati. Na sitaisingizia, kwenye ATM ilinifurahisha sana. Mashine iliniletea ule ukurasa wa vitisho, kitufe cha kukubali kubadilishiwa kinang'aa, cha kukataa kimeandikwa kana kwamba ukikigusa utaondoka mikono mitupu. Nikakataa. Pesa zikatoka bila neno. Usiku nikalinganisha na vikokotoo vya viwango ambavyo Visa na Mastercard wameviweka wazi kwenye tovuti zao, tofauti ilikuwa ya senti. Ada ya mwenye ATM ilikuwepo, lakini hiyo ni ya mwenye mashine, si makato ya kadi hii. Dawa yake ni kutoa kiasi cha kutosha kwa mkupuo badala ya kuchota kidogo kidogo na kulipia kila mchoto. Kwa ATM peke yake ningeipa nyota tano na kuwaambia ndugu zangu wote waichukue.

Turudi kaunta. Nikamwomba afute tulipe upya kwa fedha ya pale. Akanijibu, macho bado kwa mwenzake, kwamba wageni wote hulipa hivyo, na kwamba amenisaidia maana sasa najua hasa nimelipa kiasi gani. Amenisaidia! Nyongeza iliyoandikwa kwenye risiti ilikuwa asilimia 6 na ushee, tena juu ya bili ya malazi yote, bili kubwa kuliko kitu kingine chochote nilicholipia kwenye safari ile. Nikamwomba meneja. Meneja ametoka, atarudi baadaye. Halafu ndipo akaniwekea ukucha kwenye mstari wa mwisho wa risiti, maandishi ya kusoma kwa miwani: mteja amepewa nafasi ya kuchagua fedha ya kulipia na uamuzi wake ni wa mwisho.

Nani alinipa? Saa ngapi?

Kinachoniuma ni kwamba kanuni ziko upande wangu. Visa na Mastercard wote wanataka mwenye kadi achague mwenyewe, muuzaji haruhusiwi kumchagulia. Umoja wa Ulaya umeenda mbali zaidi: kwa sheria waliyoipitisha 2019, tangu Aprili 2020 mashine za malipo na ATM za huko zinatakiwa kumwonyesha mteja, kabla hajalipa, kiwango cha kubadilishia kimezidi kile cha Benki Kuu ya Ulaya kwa asilimia ngapi. Safi kabisa. Ila maonyo yote hayo yanatokea kwenye kioo, na siku ile kioo kilikuwa kinamtazama yeye.

Basi nikapiga simu benki, kwa laini ya roming, maana gharama hazijaisha. Wakanichezea muziki wao hadi nikaukariri. Aliyepokea alikuwa na adabu zote, na afadhali angenitukana. "Ndugu mteja, kwa upande wetu muamala umeingia kwa fedha ya nyumbani, kwa hiyo haujakatwa makato yoyote." Rudieni kuisoma hiyo. Ni kweli tupu! Kwa vitabu vyao kadi imetimiza ahadi, kwa sababu fedha ilibadilishwa kabla haijawafikia. Asilimia 6 zimekwenda na kadi inajipongeza kwamba haikukata hata moja. Nikamuuliza, katika matangazo yenu yote ya kadi hii, sentensi moja ya kumwonya msafiri akatae kubadilishiwa iko wapi? Akasema atayafikisha maoni yangu kwa wahusika.

Meneja alipojitokeza, usiku, akataka kunirudishia pesa kisha anitoze upya. Nikakataa, na hapa fungueni macho. Kufuta muamala kabla mashine haijafunga hesabu za siku ni jambo moja, unapotea kana kwamba haukuwahi kuwepo. Kurudisha ni muamala mwingine kabisa, na unaweza kubadilishwa tena kwa kiwango kingine. Unatozwa kwa kiwango kibaya, unarudishiwa kwa kibaya zaidi, na kinachoingia kwenye akaunti ni pungufu ya kilichotoka. Hesabu walikuwa wameshazifunga. Ndiyo ile "atarudi baadaye". Nimefungua malalamiko rasmi benki na picha ya risiti pande zote mbili.

Vile vibanda vya kubadilisha fedha viwanja vya ndege vinavyojitangaza kwamba havichukui kamisheni navyo sitaki kuvisikia. Kamisheni haipo ubaoni kwa sababu imeshajificha kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Lakini angalau pale ubao unakutazama wewe, unaweza kupiga hesabu na kuondoka.

Siku zilizobaki za safari mashine nilikuwa naishika mwenyewe. Muuzaji akinyoosha mkono, namwonyesha kiganja. Mmoja alinuna, akanune. Kila mahali nilipochagua fedha ya pale, kadi ilifanya kazi kama saa, hakuna ada, hakuna mshangao kwenye taarifa ya akaunti, na programu yao ya simu inaleta ujumbe papo hapo. Kwa hiyo ni kadi nzuri. Nzuri mikononi mwa mtu aliyeshaambiwa, na wao hawaambii mtu.

Nyota? Nilitaka kuipa nne. Nilipofika kwenye lile jibu la "haujakatwa makato yoyote" zikawa mbili. Pesa zikirudi kamili nitakuja kurekebisha, na ninaweza kufika hata nne na nusu, kadi yenyewe sina ugomvi nayo. Lakini sasa hivi tu ninapoandika wamenitumia ujumbe mwingine wa kunishukuru kwa uvumilivu wangu, neno kwa neno kama uliopita. Moja.