Kocha Mpya Kafungwa Magoli 78, Tumchukue au Tumwache?

Oya wadau karibuni tena, leo mezani hakuna simu wala spika, bidhaa ya leo ni namba. Ile namba ambayo klabu ikitangaza tu kocha mpya lazima kuna mtu atairusha kwenye grupu la WhatsApp, "jamani huyu kafungwa magoli kibao alikotoka, tumekwisha", au yule mwingine anakuja kifua mbele, "timu yake iliruhusu magoli 19 msimu mzima, kombe letu hilo". Watu wanapigana humo mpaka admini anafunga grupu. Sasa mi leo sitaki kumpima kocha, nataka tuipime namba yenyewe, inafaa kununulia kocha au haifai, maana kuna watu wanaiamini kama mtu anayeagiza gari used toka Japani anaangalia kilomita basi, haulizi lilikuwa linapita barabara gani wala nani alikuwa analiendesha.

Tuanze na Kompany, maana huyu ndo alichekwa kuliko wote.

Mei 2024 Bayern Munich wanahangaika na kocha. Xabi Alonso kawaambia anabaki Leverkusen, Nagelsmann kabaki na timu ya taifa ya Ujerumani, Rangnick naye kachomoa kabaki zake na Austria. Mwishowe wanaenda kumbeba Vincent Kompany, ambaye Burnley yake imetoka kushuka daraja Ligi Kuu ya England juzi tu hapo, nafasi ya 19, pointi 24, na magoli ya kufungwa 78 kwenye mechi 38. Yaani kila mechi magoli mawili na chenji. Na hawakumpata bure, Burnley walilipwa fidia, kwa hiyo klabu kubwa kuliko zote Ujerumani imetoa hela mfukoni kununua mtu aliyepigwa 78. Mitandaoni ilikuwa sherehe.

Haya sasa ifungue hiyo 78 uangalie ndani kuna nini.

Kwanza msimu ule ule Sheffield United walifungwa 104, Luton 85, kwa hiyo timu zote tatu zilizokuwa zimepanda zilichakazwa na zote zikarudi zilikotoka. Pili, huyo huyo Kompany mwaka mmoja nyuma yake kwenye Championship, yaani daraja la pili la England, alibeba ubingwa kwa pointi 101 na kufungwa 35 tu kwenye mechi 46, falsafa ile ile, kocha yule yule. Ila kwenye ile timu ya pointi 101 Ian Maatsen alikuwa wa mkopo toka Chelsea, Taylor Harwood-Bellis wa mkopo toka Man City, wote mabeki, na msimu ulipoisha wakarudi kwa wenyewe. Ukuta ukabomolewa hata kabla Ligi Kuu haijaanza, alafu mtu anakuja kukuambia kocha hajui kulinda.

Tatu, na hapa ndo penyewe, angalia magoli yenyewe yaliingiaje. Kompany ni muumini wa kuanza mpira kwa kipa, hata iweje. Kipa anampa beki, beki anarudisha, anatoa tena, huku washambuliaji wa kikosi cha mabilioni wanawakimbilia. Aprili 2024 kipa Muric anacheza na Everton, anachelewa na mpira mguuni, anapiga unamgonga Calvert-Lewin unaingia, Burnley wanakufa 1-0. Wiki inayofuata na Brighton anarudishiwa pasi ya kawaida kabisa, mpira unapita chini ya mguu mpaka nyavuni, 1-1. Wiki mbili, pointi zimepotea kwa staili ile ile, na timu ilikuwa inapigania kubaki. Ongeza na Arsenal kuja kwao Turf Moor kuwapiga tano bila, Spurs nao walishawapiga tano kwa mbili pale pale. Ubishi upo, sikatai, kocha mwenye akili ya kubaki daraja angeamuru mipira ipigwe mbele mapema, na hilo ni kosa lake kabisa simtetei. Lakini ni kosa la aina gani? Ni kosa la kuwapa kazi ya wachezaji wa bei mbaya watu wasioiweza. Ukimpa sasa hao wa bei mbaya?

Bayern msimu wa mwisho wa Tuchel, kocha aliyemtangulia Kompany, walifungwa 45 kwenye ligi wakamaliza wa tatu. Msimu wa kwanza wa Kompany wakafungwa 32, wakapoteza mechi mbili tu za ligi, ubingwa wakauchukua. Na mtindo haukubadilika jamani! Mabeki wa kati Upamecano na Kim Min-jae wanasimama karibu na mstari wa katikati, nyuma yao shamba tupu, wanakaba mtu kwa mtu. Oktoba 2024 Barcelona waliwaadhibu kwa huo huo mtindo, 4-1, Raphinha kaondoka na mpira wake, magoli matatu. Wachambuzi wakaamka, "si tuliwaambia, Burnley hiyo". Baada ya hapo Bayern wakacheza mechi saba mfululizo kwenye mashindano yote bila nyavu zao kuguswa, PSG na Benfica wakiwemo. Siri ni kwamba mpinzani hana mpira. Na akiupata, ana sekunde mbili kabla hajavamiwa, hiyo pasi ya kwenda kwenye shamba tupu ataipiga saa ngapi.

Alafu kuna upande wa pili wa hadithi hii ambao watu hawauongelei kabisa, na mi ndo naupenda zaidi. Burnley baada ya kuondoka Kompany wakamchukua nani? Scott Parker. Sasa ukimkumbuka Parker kwa Ligi Kuu unakumbuka nini, unakumbuka Agosti 2022, Anfield, Bournemouth yake inapigwa TISA bila na Liverpool, na siku chache baadaye kibarua kimeota nyasi. Kwa ile akili ya grupu la WhatsApp huyu ni wa kufukuza hata kabla hajashuka kwenye ndege. Basi Parker akaingia Burnley, msimu wa 2024/25, mechi 46 za Championship, amefungwa magoli 16. Kumi na sita! Mechi 30 hawajaruhusu goli, pointi 100, wamepanda. Golini alikuwa James Trafford, yule yule kijana aliyekuwa anaokota mipira nyavuni enzi za Kompany mpaka akawekwa benchi.

Kwa hiyo ndani ya kiangazi kimoja, mtu wa 78 kaenda kuwa bingwa Ujerumani, na mtu wa 9-0 kajenga ukuta ambao mpaka unakera kuangalia, maana tuwe wakweli ile Burnley ya Parker ilikuwa na suluhu za 0-0 za kukufanya ukalale mapema.

Sasa msije mkatoka hapa mkisema basi kila aliyefungwa sana ni mzuri, hapana, njooni upande wa namba nzuri muone nayo inavyodanganya. Erik ten Hag, Ajax 2021/22, magoli ya kufungwa 19 kwenye mechi 34. Manchester United walipomchukua, mashabiki wao mlituchosha na hiyo namba. Msimu wa kwanza ikawa 43 kwenye ligi, De Gea akabeba tuzo ya kipa kwa mechi 17 bila kufungwa, sawa, ila humo humo ndani kuna saba bila walizopigwa na Liverpool Anfield. Msimu wa pili 58, nafasi ya nane, wamefunga 57, yaani wamefungwa kuliko walivyofunga. Majeruhi yalikuwepo, Lisandro Martinez na Luke Shaw walikaa nje muda mrefu, hilo tumpe. Lakini ile 19 ya Ajax ilitengenezwa na nini? Ajax msimu ule walifunga 98. Ukiwa unashambulia hivyo kwenye ligi ambayo wengi wanakuja kujifia tu, mabeki wako wanaulizwa maswali mangapi? Na nilikuwa nataka kusema basi tuangalie mechi za Ulaya, lakini hata huko Ajax walishinda mechi zote sita za makundi, wakampiga Sporting ya Ruben Amorim tano kwa moja kule kule Lisbon. Amorim naye wakati huo ametoka kubeba ubingwa wa Ureno kwa kufungwa 20 tu kwenye mechi 34, na baadaye United hao hao wakaja kumchukua yeye pia, nacheka lakini inauma.

Huku kwetu tatizo ni hilo hilo. Kocha akitoka Yanga au Simba ukamsomea magoli aliyofungwa kwenye ligi unajidanganya, nusu ya mechi kipa wake alikuwa anaota jua. Gamondi alipokuwa kocha wa Yanga kwa mfano, ukitaka kujua kama alikuwa anajua kulinda, weka ligi pembeni kabisa, chukua zile dakika 180 na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2024, Kwa Mkapa 0-0, Pretoria 0-0, wakatolewa kwa penati. (Lile shuti la Aziz Ki wa Yanga lililogonga mwamba likadunda chini, kama lilikuwa goli au la, leo silifungui, tutalala hapa.) Zile mechi mbili zinanipa taarifa kuliko msimu mzima wa kucheza na timu inayopaki basi kuanzia dakika ya kwanza.

Mi kocha mpya akija natafuta mechi tatu alizofungwa vibaya, naziangalia zote bila kuruka. Naangalia goli liliingia kwa sababu beki alikosea kitu alichoagizwa, au aliachwa peke yake kwa sababu kocha alipanga hivyo, au ni kona ile ile inaingia kila wiki na hakuna aliyeirekebisha, hiyo ya kona ndo inanitisha kuliko zote. Alafu nauliza huku anakokuja timu itakuwa na mpira zaidi au pungufu kuliko alikotoka. Ukishajibu hapo umeshajua kama ile namba inasafiri naye au inabaki.

Nyota zangu kwa hii bidhaa, mbili kati ya tano. Ingekuwa moja, ila kuna sehemu inafanya kazi vizuri sana, ukiilinganisha klabu ile ile, kikosi kinachofanana, kabla na baada ya kocha, kama ile 45 kwenda 32 ya Bayern. Ila hata hapo kuwa makini, Liverpool ya mwisho ya Klopp ilifunga 86 ikafungwa 41 ikawa ya tatu, Liverpool ya kwanza ya Slot ikafunga 86 ikafungwa 41, hizo hizo kama zimekopiwa, na ikawa bingwa.

Haya dondosheni kwenye komenti kocha wenu mpya na alikotoka, mwenye laiki nyingi ndo tunamfungua video ijayo, na wale wa United msijaze ukurasa tafadhali, nawajua.