Oktoba mbili na Peerless Assassin 120 SE mjini Lubumbashi: uzoefu wangu

Kipozeo hiki cha prosesa nilikifunga mwishoni mwa Oktoba 2023, lakini nilisubiri kipite Oktoba ya pili ndipo niandike, kwa sababu hapa Lubumbashi kifaa cha kupoza ambacho hakijauona mwezi huo hakijapimwa bado. Juni na Julai si mashahidi wa kuaminika: usiku tunavaa makoti, na hata feni nyembamba inayokuja ndani ya boksi la prosesa huonekana hodari. Hukumu hutoka pale kiangazi kinapokaribia kwisha na mvua hazijaanza, paa la bati likiendelea kutema joto hadi saa tatu usiku, na kipimajoto cha chumbani kwangu, mtaa wa Bel-Air, kikisoma digrii 31 kabla sijagusa kitufe cha kuwashia.

Kompyuta yenyewe niliiunganisha kwa mikono yangu mwaka mmoja kabla ya hapo: prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya grafiki ya RTX 3060 niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, kumbukumbu ya gigabaiti 16, na kasha jeusi lenye kioo mbele na kioo ubavuni. Kasha hilo nililichagua kwa macho. Feni zake tatu za mbele zilimeremeta kama ukumbi wa harusi, nami sikujiuliza zinavuta hewa kutoka wapi, ilhali kati ya kioo na fremu palikuwa na upenyo usiozidi upana wa kidole cha mwisho.

Taabu ilianza kidogo kidogo. Mchezo wa Forza Horizon 5 ulikwenda vizuri kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha picha zikaanza kukwama, hasa gari lilipoingia mjini penye watu na majengo mengi. Mwanzoni nilishuku kadi ya grafiki, kwa kuwa kitu kilichonunuliwa mkononi mwa mtu hakikosi kusingiziwa. Programu ya HWiNFO, inayosoma joto na mwendo wa vifaa vya kompyuta, ndiyo iliyonisahihisha. Prosesa ilikuwa imefika digrii 90, ambazo ndizo kikomo alichoiwekea mtengenezaji, na ili isivuke hapo ilikuwa ikijipunguzia mwendo yenyewe, kutoka gigahezi 4.4 hadi karibu 3.8. Haikuwa imeharibika, ilikuwa inajilinda, na mimi niliyekuwa nikicheza ndiye niliyelipia ulinzi huo. Kadi ilikuwa na digrii 82, joto lisilopendeza, ingawa bado lilikuwa chini ya kikomo chake cha 93.

Kabla ya kutoa pesa nilifungua kasha na kulisafisha. Vumbi la mtaa wetu ni jekundu na laini kama unga, na kuanzia Mei hadi Septemba, wakati hakuna tone la mvua, kila gari linalopita huliinua upya. Vumbi kavu huondoka kwa kupulizwa tu. Lililo baya ni lile lililochanganyika na moshi wa makala, yaani makaa, na mvuke wa mafuta ya kupikia, kwa sababu mbabula yetu, jiko la makaa, huwashwa uani, hatua chache kutoka dirisha la chumba changu. Mchanganyiko huo ulikuwa umegandamana katikati ya mapezi ya kipozeo, yaani vibamba vyembamba vya chuma vinavyotawanya joto, kama ukoko wa wali. Niliusugua kwa brashi ya kupakia rangi na kuupuliza kwa mashine ya upepo, huku nikiizuia kila feni kwa kidole, maana feni inayozungushwa kwa nguvu na upepo wa nje inaweza kuumiza beringi zake, na mota yake inaweza kuzalisha umeme unaorudi kwenye bodi.

Usafi ule ulinipa digrii 4. Jaribio lililofuata halikunigharimu hata senti, na ndilo ningemwomba kila mtu alifanye kabla ya kununua chochote: niliondoa kioo cha ubavuni, nikacheza tena kwa dakika 30, na prosesa ikashuka kutoka 86 hadi 77. Kijana mmoja fundi wa simu, jirani yetu, alikuwa ameketi akisubiri zamu yake ya kucheza. Aliweka kiganja mbele ya kasha, akacheka, akiniita yaya, yaani kaka: "Yaya, mashine hii unaitaka ivute pumzi na pua umeiziba." Kipozeo kipya nilikuwa nimekwisha kukiagiza wiki ileile, kwa hiyo nilicheka naye bila furaha.

Peerless Assassin 120 SE ya Thermalright niliipata kupitia mfanyabiashara anayeleta bidhaa kutoka Dubai, na ilifika mkononi mwangu kwa dola 58, usafiri ukiwamo. Ina minara miwili ya mapezi ya alumini, feni mbili za milimita 120, na mabomba sita yanayopita juu ya prosesa kisha kupanda pande zote mbili. Mabomba hayo ni ya shaba iliyopakwa nikeli, jambo lenye uchekeshaji wake kwa mtu wa Katanga: shaba yetu inatoka kwa malori yanayopanga foleni mpakani Kasumbalesa, na sisi tunakaa tukingoja gramu mia chache zirudi ndani ya katoni, kwa dola.

Shaba hupitisha joto kuliko alumini kwa zaidi ya mara moja na nusu, lakini kazi kubwa haifanywi na ukuta wa bomba. Ndani ya kila bomba mna kimiminika kidogo kilichofungiwa katika shinikizo la chini. Joto la prosesa hukichemsha, mvuke ukakimbilia kwenye mapezi, ukapoa huko, kisha ukawa kimiminika tena na kurudi ulikotoka kupitia utando ulio ndani ya bomba. Mzunguko huo hauhitaji pampu, na hiyo ndiyo sababu sikutaka kipozeo cha maji, ingawa vinapendeza kutazama. Pampu ikifa, nitasubiri majuma mangapi kupata nyingine? Feni ya milimita 120 ninaipata mjini siku hiyohiyo.

Msomaji atakayelinganisha namba zangu na zile za wapimaji wa Ulaya azingatie mambo mawili. Wao hupima katika vyumba vya digrii 21 au 22, na kila digrii inayoongezeka chumbani huongezeka vilevile, kwa makadirio, kwenye prosesa. Tena Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi, hivyo feni inayozunguka kwa mwendo uleule hubeba hewa pungufu. Namba zangu zikiwa mbaya kuliko zao, kifaa hakina hatia.

Ufungaji ulinichukua jioni nzima, na nusu ya jioni hiyo ilikuwa adhabu ya haraka yangu. Kipozeo cha zamani kilishikwa na skrubu nne zinazoingia moja kwa moja kwenye bamba lililo nyuma ya bodi mama. Nilizifungua zote, nikakivuta kwenda juu, na prosesa ikang'oka nacho, ikiwa imenata kwa pasta ya joto iliyokauka, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo, ingawa kishikizo cha soketi, yaani kikalio cha prosesa, kilikuwa bado kimefungwa. Prosesa za soketi ya AM4, kama yangu, zina sindano 1,331 upande wa chini. Tatu zilikuwa zimepinda. Nilizinyoosha moja baada ya nyingine kwa ncha ya kalamu ya kubonyeza iliyotolewa risasi, mke wangu akinimulikia kwa simu na kuniuliza kila dakika kama kitu hicho bado kina faida, na mashine ilipowaka tena nilijikuta nimekaa sakafuni. Namna iliyo sahihi niliijua baadaye: kwanza icheze mashine kwa dakika kumi ili pasta ilainike, izime na kuchomoa umeme, kisha zungusha kipozeo taratibu kulia na kushoto mpaka kiachie chenyewe, ndipo ukiinue.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Kipozeo kipya hutumia bamba lilelile la nyuma, ambalo huanguka mara tu skrubu za zamani zinapotoka, basi laza kasha au tafuta mtu wa kukushikia. Pasta niliyopaka ni MX-4 ya Arctic, ambayo haipitishi umeme, na hilo lilinituliza baada ya yote yaliyotangulia. Urefu wa kipozeo ni milimita 155 na kasha langu liliruhusu 160. Milimita 5 hizo zinaonekana kuwa si kitu, lakini vijiti vyangu vya kumbukumbu vina mapambo marefu, na feni ya mbele ilibidi ipandishwe juu yake kidogo. Kioo cha ubavuni kikafunga kwa shida.

Matokeo, katika kasha lilelile lenye kioo mbele, yalikuwa digrii 80. Mwendo ulibaki gigahezi 4.4 bila kuyumba, na kelele ilipungua kiasi kwamba niliweza kusikia redio ya jirani, faida ambayo sikuiomba. Kukwama kwa picha kuliisha. Lakini niliandika namba zote kwenye daftari, na daftari halikunificha: feni ya bure iliyokuja na prosesa, ikiwa imesafishwa na kioo cha ubavuni kikiwa kimeondolewa, ilikuwa imefika 77. Kwa dola 58 nilikuwa nimenunua kifaa bora cha kusukuma hewa, nikakiacha kizungushe ileile hewa moto iliyofungiwa ndani.

Ndipo mnamo Januari 2024 nikaliuza kasha la kioo kwa mtu aliyelipenda kwa sababu ileile niliyolipendea mimi, naye nikamweleza, akalichukua hivyo hivyo. Nililonunua badala yake lina wavu mbele, feni mbili za milimita 140 zinazoingiza hewa, na moja ya 120 nyuma inayoitoa. Nimepanga kwa makusudi hewa inayoingia iwe nyingi kuliko inayotoka, ili kwenye nyufa ndogondogo za kasha hewa isukumwe kwenda nje, na vumbi lisivutwe kupitia humo bila kupita kwenye kichujio. Anayefunga feni mwenyewe aangalie mishale midogo kwenye fremu; isipokuwepo, hewa hutokea upande wenye vyuma au plastiki zinazoshikilia mota. Nimewahi kukuta mashine ya rafiki yangu ambayo feni zote nne zilikuwa zikitoa hewa, na hakuna hata moja iliyoingiza.

Oktoba 2024, chumba kikiwa tena na digrii 31, mchezo uleule na dakika zilezile, prosesa ilisoma 69. Kadi ya grafiki, ambayo kipozeo hiki hakiigusi kabisa, ilishuka kutoka 82 hadi 74. Baadaye niliingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya bodi mama, na kuipunguzia prosesa volteji kwa kutumia Curve Optimizer, kiwango cha hasi 20 kwa koa (viini vya kazi) zote sita, nikaweka pia kikomo cha picha 60 kwa sekunde, kwa kuwa skrini yangu haionyeshi zaidi ya hapo. Prosesa ikatua kwenye 64 na kadi kwenye 67. Hatua hizo mbili hazina gharama yoyote, na kwa sisi ambao jioni nyingine hucheza kwa betri na inveta baada ya umeme kukatika, zinarefusha pia muda wa kucheza. Kiwango cha hasi 30 nilikijaribu na mashine ikajizima mara mbili bila kuaga, nikarudi nyuma.

Feni za kipozeo hazipandi juu ya nusu ya mwendo wake isipokuwa nikipima kwa Cinebench, programu inayoibebesha prosesa mzigo mzito, na zote mbili bado zinazunguka bila mlio baada ya mwaka mzima wa vumbi. Kichujio cha mbele ninakitoa kila Jumamosi asubuhi wakati wa kiangazi na kukiosha kwa maji na sabuni kidogo, kikauke juani kabla sijakirudisha. Wakati wa mvua mara moja kwa mwezi inatosha. Niliposahau kwa majuma matano mwezi Agosti, prosesa ilipanda digrii 7, na nilipokishika kichujio mwanga wa dirisha haukupenya. Kasha nimeliondoa sakafuni na kuliweka juu ya kigoda, na mbabula imehamia upande wa pili wa uani, baada ya mashauriano.

Kwa mwenye prosesa kama yangu na kasha linalopitisha hewa, kipozeo hiki nakipendekeza bila kusita, na sioni sababu ya kulipa mara mbili ya bei hiyo. Kwa mwenye kasha la kioo mbele, aiweke dola 58 mfukoni kwanza na aondoe ubavu wa kasha kwa nusu saa. Na aliye na vijiti virefu vya kumbukumbu achukue rula, apime kutoka kwenye prosesa hadi kwenye kioo cha ubavuni kabla mfanyabiashara hajapanda ndege.