Gunia la bustani lililojazwa tayari: kagua udongo kwanza

Gunia la bustani ni gunia la udongo linalopandwa mboga juu na kwenye matundu ya ubavuni. Anayelinunua likiwa limekwisha kupandwa miche halipii gunia. Gunia tupu la kilo 100, lililobeba mchele au maharagwe, soko lolote la Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, linalo. Analipia udongo, na katika mji uliokaa juu ya lava hilo si jambo dogo. Kuanzia uwanja wa ndege kushuka hadi katikati ya mji, mahali lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita Januari 2002, jembe linagonga jiwe kabla mtu hajainama vizuri. Kwa parseli (kiwanja) ya namna hiyo, gunia ni ununuzi wa maana. Mwenye udongo wake nyumbani ajijazie mwenyewe.

Kabla ya kulipa, chota udongo wenye unyevu na uufinye. Ukishikamana kisha ukavunjika kwa kuguswa na kidole, ni mzuri. Ukimwagika kama mchanga, umeuziwa changarawe ya lava iliyopondwa, nayo haishiki maji hata nusu siku. Ukinata kama wa kufinyangia chungu, utagandamana na mizizi itakosa hewa. Mchanganyiko unaofanya kazi ni beseni mbili za udongo kwa moja ya samadi iliyooza miezi mitatu hivi. Ingiza mkono ndani: ukihisi joto, au harufu ya mkojo ikikupiga, samadi bado mbichi, na miche itaungua kingo za majani.

Cha pili ni nguzo ya mawe katikati, inayoshusha maji hadi miche ya chini. Hapa Goma ina bahati yake, maana mawe mepesi yenye matundu yamejaa kila mahali. Nguzo hutengenezwa kwa kopo kubwa lisilo na kitako: unalisimamisha juu ya tabaka la udongo, unalijaza mawe ya ukubwa wa yai, unazungushia udongo, unalivuta juu, unaanza tena hadi mdomoni. Kasoro ya kawaida ya magunia ya kununua ni nguzo fupi. Mawe yanaonekana juu, lakini yanaishia katikati, na miche ya chini inakauka kiangazi cha Juni hadi Agosti. Mimina lita 5 juu ya mawe. Maji yakituama, nguzo imeziba kwa udongo. Yakitoka yote chini papo hapo, nguzo imegusa kitako. Yakiingia polepole, na baada ya muda matundu ya ubavuni ya chini yakawa na unyevu, chukua.

Tatizo ni kwamba hata gunia lililojazwa vizuri huharibika njiani. Likishajaa na kulowa linazidi kilo 100, chukudu (chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) linarukaruka juu ya mawe, udongo unashuka, nguzo inapinda, na miche ya ubavuni inaachwa na mizizi hewani. Ndiyo maana muuzaji anayeleta udongo, samadi na gunia mbalimbali, akajaza pale pale uani, anastahili kuongezwa kidogo. Chagua mahali mapema, penye kupata jua kwa muda wa saa sita angalau kila siku, kwa sababu gunia likishasimama halihami.

Matundu ya ubavuni yasikuvutie kwa wingi wake. Gunia la kilo 100 linabeba miche 30 hadi 35 ubavuni, ikipishana kwa sentimita 20 hivi. Lenye matundu 50 linapendeza siku ya kuletwa tu. Ubavuni weka lengalenga (mchicha), spinachi na seleri. Juu weka puaro (liki, jamii ya kitunguu) na nyanya mbili, si zaidi. Nyanya ikipandwa ubavuni huvunjika shina kwa uzito wa matunda. Shu (kabichi) achana nayo, inakula nafasi ya mboga nne.

Gharama ambayo wauzaji hawaitaji ni maji. Kiangazi gunia moja linataka lita 5 asubuhi na 5 jioni, yaani bidoni ya lita 20 kwa siku mbili. Magunia matatu katika nyumba inayonunua maji? Hapana. Moja linatosha, nalo linaweza kunywa maji ya kuoshea mchele na mboga, mradi hayana sabuni. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvichumvi na pH yake inakaribia 9. Ukimwagilia hayo tu, ukoko mweupe unajitokeza juu ya udongo. Mvua za Septemba zikianza, acha gunia lioshwe nazo vizuri. Mvua ikinyesha wakati Nyiragongo inafuka sana, majani yanaweza kupata madoa ya kahawia yote kwa mara moja. Huo si ugonjwa, usipulize dawa, kata yaliyoungua.

Lengalenga huwa tayari wiki tatu hadi nne baada ya kuhamishwa. Kata shina ukiacha vifundo viwili au vitatu, litachipua tena. Likitoa maua, majani yanakuwa magumu na hakuna upishi utakaoyalainisha.

Kwa sufuria ya watu wanne kata nusu kilo ya majani, maana yanasinyaa sana. Yachemshe dakika tatu, mwaga maji hayo, kamua kidogo. Loweka sambaza kavu (samaki wadogo wa ziwani) kikombe kimoja katika maji moto dakika kumi, na uzisuuze, mchanga unabaki chini. Mbabula (jiko la makaa) ikiwaka vizuri, pasha vijiko viwili vya mawese bila kuyaacha yafuke moshi, kaanga kitunguu na puaro, tia nyanya hadi zivunjike, kisha sambaza, mwisho majani. Usiongeze maji. Dakika tano, pasipo mfuniko, na chumvi iingie baada ya kuonja, kwa sababu sambaza nyingine huja na chumvi yake.