Picasso wa buluu au Picasso wa pembe?

Vijana ninaowafundisha kuchora hapa Mbeya huniuliza waanze na Picasso yupi, maana mchoraji huyo wa Hispania alibadilisha mtindo wake zaidi ya mara moja.

Wa buluu, 1901 hadi 1904, alitokana na msiba: rafiki yake Casagemas alijiua, na rangi nyingine zikaanza kumtoka. Mtazame mpiga gitaa mzee katika mchoro wake wa miaka hiyo. Kichwa kimeinama, vidole vyembamba kama vijiti, mwili wote buluu. Gitaa pekee ndilo la kahawia. Kijana aliyeuona mlima Loleza alfajiri ya Julai, baridi ikiuma, anaielewa buluu hiyo bila kuelezwa.

Wa pembe, yaani wa maumbo yenye kona kali (mtindo uitwao kubismu), alichipuka 1907, mwaka alioviona vinyago vya Afrika kule Paris. Baadaye yeye na mchoraji mwenzake Braque wakavunjavunja umbo, kitu kimoja kikaonekana mbele na ubavuni kwa pamoja. Huu ndio uvumbuzi mkubwa zaidi, sikatai, na unatugusa maana mizizi yake mingine iko Afrika.

Lakini anayeanza na pembe huishia kuchora pembetatu tupu. Hajakijua bado anachokivunja. Mimi naanza na buluu: kopo moja, nyeupe kidogo, na uso wa mtu unayemfahamu.