Sola ya kulipa kidogo kidogo, wati 20: uzoefu wangu baada ya kumaliza deni

Mtambo wenyewe ni huu: paneli ya wati 20, kisanduku chenye betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 6, taa nne, redio, na tochi ya kuchaji. Umefungwa kwenye nyumba ya bati vijijini Singida, ukalipiwa kwa simu kwa miezi 18 hadi deni likaisha. Jina la kampuni silitaji, maana mengi ya humu utayakuta kwa muuzaji yeyote. Kifaa chenyewe nakipa alama nzuri. Mkopo uliokuja nacho siupi.

Kianzio kilikuwa TSh 60,000, halafu TSh 900 kwa siku kwa siku 540. Jumla TSh 546,000. Kwa taslimu wakala yuleyule alikuwa anauza 390,000, kwa hiyo mkopo umeongeza 156,000, asilimia 40 kamili. Usipouliza hutatajiwa jumla. Utatajiwa 900, kisha utaambiwa ni nafuu kuliko mafuta ya taa. Lakini kibatari huku kimebaki kwa wachache. Watu wanamulika kwa vitochi vya betri kavu. Linganisha na hivyo. Simu mbili zikichajiwa dukani mara nne kwa wiki, kila chaji 300, ni 2,400. Ongeza betri kavu za 1,500. Wiki nzima ni 3,900, wakati sola inakula 6,300. Gawanya 546,000 kwa 3,900 upate wiki 140, karibu miezi 32. Deni linaisha mwezi wa 18, lakini pesa yako inarudi mwezi wa 32. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni betri ya aina gani, itafika huko au haifiki.

Lithiamu ya chuma na fosfeti, ile inayoandikwa LiFePO4, inafika: huhimili mizunguko 2,000 hivi ya kujaa na kuisha kabla haijachoka sana, yaani zaidi ya miaka mitano ya usiku kwa usiku. Betri ya risasi na asidi, ikikaushwa kila siku kama watu wengi wanavyofanya, miaka miwili ni bahati. Ukiona muuzaji anatoa mkopo wa miezi 24 na ndani kuna betri ya asidi, mwache.

Na kabla hata ya hapo, tazama nguzo ya TANESCO iko wapi. Kuunganishiwa umeme kijijini ni TSh 27,000. Gharama kubwa ni kusuka nyaya ndani, na kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili kile kibao cha UMETA (Umeme Tayari), kinachokuja na swichi na soketi zake, kinapunguza hiyo pia. Kama nguzo iko jirani na mradi wa REA (Wakala wa Nishati Vijijini) umeshafika mtaani kwenu, sioni sababu ya kujifunga mwaka mzima na nusu. Sola ya mkopo ni ya kitongoji ambacho nguzo haionekani.

Sasa ukubwa. Wauzaji wanapenda kutaja wati za paneli au idadi ya taa. Wewe dai wati-saa za betri: volti mara ampea-saa. Hii yangu ni 12.8 mara 6, yaani 77 hivi. Taa tatu za wati 2 zikiwaka saa tano zinakula 30. Taa ya nje ikiwekwa mwanga wa chini kabisa, nusu wati kwa saa 11, ni 5 na nusu. Redio ya wati 2 kwa saa nne, 8. Kitochi kimoja, 5. Simu janja yenye betri ya miliampea-saa 4,000, ukihesabu na kinachopotea njiani, 20. Jumla 68 na ushee. Paneli nayo, kwa saa tano za jua kali, inatoa 100 kwenye karatasi. Toa asilimia 25 hadi 30 ya joto, vumbi na waya, unabaki na 70 au 75. Inatosha, ila kwa kubana. Mgeni akija na simu janja ya pili umeshaingia kwenye upungufu: simu moja ya aina hiyo inakula sawasawa na taa mbili za jioni nzima. Kinachosaidia kidogo ni kuchaji simu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, umeme utoke kwenye paneli bila kupitia betri.

Televisheni usijaribu kwenye ukubwa huu. Hata ile ya inchi 24 ya volti 12 inakula wati 15, na saa nne ni 60, karibu betri yote. Ukiitaka, tafuta paneli ya wati 50 au 60 na betri ya wati-saa 150 kwenda juu. Inveta (kigeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO) ya kuendesha mashine ya kunyolea ndiyo usiguse kabisa. Inazima mtambo, na ni sababu nyepesi ya kunyimwa garantii.

Fundi wa kampuni alifunga kwa dakika 40, na nilirudia nusu ya kazi yake. Makosa niliyoyakuta kwenye mtambo huu ndiyo ninayoyaona kwenye mapaa mengi. Paneli ililazwa imegusa bati. Bati la saa saba mchana ni kikaango, na paneli inapoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Ikifika nyuzi 65 umepoteza wati tatu kati ya 20. Iinue iwe na nafasi ya sentimita 5 hadi 10 chini yake hewa ipite. Kwa nyumba ya tembe usiilaze juu ya udongo, simamisha mti imara pembeni uifunge juu yake.

Mwelekeo: Tanzania tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo paneli inatazama kaskazini. Mwinamo wa nyuzi 10 unatosha. Kwa paneli ya urefu wa nusu mita ni kuinua upande wa kusini sentimita 9, kimo cha tofali moja lililolala. Usizidishe 15. Kufikia Novemba jua la mchana limeshahamia upande wa kusini, na huku kwetu ndipo inapoanza miezi ya mvua na mawingu, miezi ambayo huna wati ya kupoteza. Usiilaze bapa pia, vumbi la Agosti litaganda na mvua ya kwanza itaacha tope. Wakati wa kiangazi naifuta kila wiki kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla haijapata joto. Sabuni ya unga inaacha ukungu, achana nayo.

Kivuli ndicho adui asiyeonekana. Vipande 36 vya paneli vimeunganishwa mfululizo kama mkufu, kwa hiyo tawi la mwarobaini likifunika vipande viwili, paneli nzima inadhoofika. Itazame saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, usiridhike na mchana tu. Waya ukirefushwa, kiungo kiwe ndani ya nyumba. Kiungo cha nje kilichozungushiwa tepu tu kinaingia maji, shaba inageuka kijani, na baada ya mwaka utaambiwa betri imekufa.

Kabla ya kukubali kwamba betri imekufa, kuna vipimo viwili. Cha kwanza kinataka mita ya fundi. Saa sita mchana, jua wazi, chomoa paneli, pima volti kwenye ncha zake: iwe 20 hadi 22. Badili mita iwe ya ampea, kwenye tundu la ampea 10, upime tena: kwa wati 20 iwe kati ya 1 na 1.2. Volti nzuri na ampea 0.4 maana yake ni uchafu, kivuli au kioo kilichopasuka. Volti sifuri, tafuta waya uliokatika. Cha pili hakitaki chombo. Acha kila kitu kimezimwa siku moja ya jua hadi taa ya kisanduku ionyeshe imejaa, halafu saa moja jioni washa taa tatu kwa mwanga wa juu, wati 6, uandike saa zitakapozima zenyewe. Yangu ilipokuwa mpya iliwaka saa 11 na dakika 40. Mwezi wa 18, saa 10 na nusu. Imeshuka asilimia 10, si mbaya. Ikishuka chini ya saa 8 ndani ya miaka miwili, peleka namba hizo kwa wakala, usipeleke "inazima mapema". Garantii ya kisanduku na betri isiwe chini ya miaka miwili, na modeli iwe kwenye orodha ya VeraSol, mpango wa kukagua ubora wa vifaa vya sola uliorithi kazi hiyo kutoka Lighting Global ya Benki ya Dunia mwaka 2020. Modeli isiyokuwemo, mwulize muuzaji kwa nini.

Malipo. Usipolipa, mtambo unajifunga hadi ulipe. Kuna mitambo inayofunguliwa kwa laini ya simu iliyo ndani ya kisanduku na mingine kwa kubonyeza tokeni, yaani namba unazotumiwa kwa SMS. Mahali penye mtandao wa kubahatisha chagua tokeni, maana SMS unaweza kuifuata hata kilimani ukarudi nayo. Lipa kwa wiki kuliko kwa siku kama makato ya simu yako ni ya kila muamala. Tokeni ziingize kwa mpangilio zilivyokuja, kwani ukiruka moja, ile ya zamani inaweza kukataliwa baadaye. Soma namba ya akaunti mara mbili. Nimewahi kumlipia mtu nisiyemjua wiki nzima kwa tarakimu moja, na pesa ilirudishwa baada ya siku 11. Ukibadilisha laini ya simu, waambie kwanza, la sivyo tokeni zitaenda kwa atakayepewa namba yako ya zamani.

Siku za kufungiwa hazifuti deni, zinalisogeza mbele tu. Kwangu hapakuwa na faini, lakini mkataba ulisema siku 60 mfululizo bila malipo mtambo unachukuliwa na kianzio hakirudi. Mtambo ukifungwa usichomoe paneli. Kisanduku changu kinaendelea kuchaji hata kikiwa kimefungwa, na hilo ndilo linaloiokoa betri. Ukikitia kabatini miezi mitatu kikiwa kimekauka, volti inashuka chini ya kiwango cha ulinzi na hakiamki tena hata ukilipa.

Siku ya malipo ya mwisho dai tokeni ya kufungua moja kwa moja na barua ya kumaliza deni, vyote siku hiyohiyo. Kampuni za biashara hii huja na kuondoka: Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi hapa nchini, iliingia kwenye taratibu za ufilisi mwaka 2019 ndipo ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Mtambo ambao haujafunguliwa moja kwa moja bado unamtegemea mtu wa kutengeneza tokeni. Utapigiwa pia simu ya mkopo wa pili, wa televisheni au wa ada ya shule, ambao dhamana yake ni taa zilezile ulizomaliza kulipia. Nilikataa.

Betri ikichoka baada ya garantii, ndani ya kisanduku changu kuna seli nne za mviringo aina ya 32650, volti 3.2 kila moja. Zinapatikana mjini, na mradi deni limeisha unaruhusiwa kufungua. Seli ziunganishwe kwa mashine ya pointi (spot welding), si kwa risasi ya kuchomea, joto lake linaziharibu. Na fundi asikuwekee seli za kompyuta mpakato za volti 3.7. Tatu kati ya hizo zinatakiwa kuishia volti 12.6, ilhali kisanduku hiki kinachaji hadi 14.4, na hapo unaweka moto ukutani.