Mkuu aamue, au twende Mwaloni?

Timu inayobuni programu ya simu kwa wauza dagaa wa Mwanza imegawanyika: hawa wanataka bei itangulie kwenye skrini, wale uzito. Mkuu akikata shauri, kazi inasonga leo leo, ila aliyeshindwa hununa na ubishi huibuka tena kikao kijacho.

Kupeleka michoro yote miwili soko la Mwaloni, Kirumba, hula asubuhi nzima. Lakini huko kila mbunifu anamwona mama muuzaji akikwama, na hapo hana wa kubishana naye. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. (Wanafichua matatizo, hawapigi kura.)

Ningeenda sokoni. Jambo dogo kama rangi ya kitufe, mkuu aamue tu. Wabunifu wakishatukanana, soko haliwapatanishi. Mkuu awaite faragha kwanza.