Udongo wa zisha kutoka China mpaka Mbeya, mfuko mmoja feki na mmoja wa ukweli

Nimeagiza udongo wa zisha mara mbili, kwa wauzaji wawili tofauti wa China, mmoja ningemrudia hata kesho na mwingine hapana. Naandika kwa sababu nilivyokuwa natafuta sikupata mtu wa kuniambia kwa Kiswahili niangalie nini, na hela imeshatoka.

Kwa asiyejua, zisha ndio udongo wa yale mabuli madogo ya Kichina yasiyopakwa vanishi ya kung'aa, unatoka Yixing, mkoa wa Jiangsu, na ule unaosifiwa zaidi ulikuwa unachimbwa mlima Huanglongshan pale Dingshu. Mabuli yametengenezwa huko tangu enzi ya Ming, miaka ya 1500 huko. Sasa serikali yao ilizuia uchimbaji kwenye huo mlima miaka ya 2000, kwahiyo akitokea mtu ana tani za "Huanglongshan orijino" kwa bei ya karanga, wewe jiulize anachimba wapi.

Mfuko wa kwanza niliuziwa kama zhuni, aina ya zisha, ule mwekundu. Kilo 5, umeshakandwa tayari, mbichi. Kosa la kwanza hapo hapo, maana udongo mbichi una maji mengi na kargo wanapima kwa kilo, yaani kuanzia Guangzhou mpaka Dar halafu basi mpaka Mbeya nimelipia maji. Kufungua tu ulikuwa mwekundu wa kuwaka, mikono ikatoka rangi kama nimeshika poda ya sakafu, na kuosha haikutoka vizuri. Nilifurahi kwakweli, nikajua ndio wenyewe. Baadae ndio nikaja kusoma kwamba jiwe la zhuni, lile linalosagwa kupata huo udongo, likiwa bichi ni la manjano manjano, wekundu unakuja motoni, chuma iliyomo ndani inabadilika. Ni kama tofali zetu tu, mtu wa Uyole anajua udongo ukiingia tanuru unatoka na rangi nyingine. Kwahiyo zhuni mbichi ambayo imeshakuwa nyekundu hivyo huenda imeongezewa poda nyekundu ya oksidi ya chuma.

Nikapima kabisa. Nilikata vipande bapa, nikachora mstari wa sentimita 10 kila kimoja, nikakausha taratibu, nikachoma kwenye tanuri la umeme la rafiki yangu Iringa mpaka nyuzi 1,120. Mstari ukarudi 9.4. Zhuni inasinyaa sana, kuliko hata zini, ile zisha ya zambarau, ambayo inapungua kama asilimia 10, ndio maana mabuli ya zhuni mengi ni madogo na yanapasuka hovyo wakati wa kukauka. Huu wangu ulikaa kimya kama udongo wa tofali. Na ukivunja kipande ndani ni laini sare sare, hamna punje hata moja. Nilimwandikia muuzaji nikamtumia picha, akajibu mara moja "ni hali ya hewa ya Afrika", halafu kimya mpaka leo.

Mfuko wa pili niliuliza maswali kwanza. Nikaomba zini, ya unga mkavu, na nikaomba aweke na jiwe moja ambalo halijasagwa. Huyu hakusumbua hata kidogo, akaniambia mwenyewe kwamba hauzi wa Huanglongshan, ni wa eneo jirani, na unga umechekechwa meshi 60, yaani chekecheo la matundu 60 kwa inchi. Mtu anayekwambia kitu kinachompunguzia bei yeye mwenyewe, mimi huyo namwamini. Jiwe likaja, saizi ya ngumi, zambarau iliyofifia na vidoa vya kijani. Unga nikaulowanisha, nikauacha kwenye ndoo imefunikwa wiki sita, maana ukikaa unakuwa mtiifu zaidi. Mstari wa sentimita 10 ukatoka 9.05 baada ya moto, rangi ya kahawia iliyoiva, punje zinaonekana kwa macho.

Jumamosi moja nilienda Matema, soko la vyungu la Lyulilo, nikabeba donge la huo udongo nikamwonyesha mama mmoja wa Kikisi aliyekuwa anauza vyungu. Akaumega, akausugua kati ya vidole muda mrefu, akasema, "Mwanangu, huu ni mawe. Mtu kasaga mawe." Nilisisimka jamani, maana ndivyo ilivyo, zisha ni mwamba unaosagwa, na yeye kajua kwa vidole tu. Nilimuuliza kama wa kwao unaweza kufanya buli la namna hiyo akasema kwa moto wao wa kuni na nyasi haufiki huko, wao wanafanya chungu cha kupikia na kinapika, basi. Nilinunua viwili.

Uundaji wenyewe sio wa gurudumu, unapiga bapa kwa nyundo ya mbao halafu unaunganisha, na zini hii inakubali, haining'inii, mdomo na mshikio vinashika bila nyufa. Mabuli matatu yametoka, moja kifuniko hakikai sawa. Chai ya Rungwe kavu humo inatulia vizuri sana. Maziwa na tangawizi usiweke, vitundu vya udongo vinafyonza na harufu haitoki tena.

Wa kwanza nampa 1 kati ya 5, hiyo moja ni ya kufungasha vizuri. Wa pili 4, amekatwa moja kwa sababu mzigo ulikaa miezi miwili na nusu. Mwezi ujao naagiza tena kwake kilo 10 za unga, ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe na unataka tuchangie kargo niambie mapema.